Namba Iliyowekwa Mezani

 Uwe Maganzo au Mwadui, Isaka, Kahama mjini, Kakola, Nyarugusu, Katoro au Geita yenyewe, msikilizaji, leo tuna namba. Sizungumzii bei ya gramu, maana hiyo kila mtu wa huku analala nayo na kuamka nayo. Nazungumzia namba ndefu isiyosomeka kwa pumzi moja, ambayo pengine imepita kwenye simu yako leo asubuhi nawe hukuiona.

Mchukue mnunuzi wa dhahabu pale Geita. Tangu soko la madini lifunguliwe Machi 2019, biashara iliyozoea vichochoro imehamia ukumbini, kwenye mizani na risiti. Mnunuzi wetu ana simu janja. Anafungua mtandao wa benki yake ili amlipe mchimbaji. Kabla salio halijatokea kwenye kioo, simu na seva ya benki zimeshasalimiana, na katika salamu hiyo benki imeonyesha cheti chake. Ndani ya cheti hicho, mara nyingi, kuna namba yenye tarakimu 617. Haijafichwa. Mteja anaipata, jirani anaipata, mwizi naye anaipata. Namba hiyo imetokana na kuzidisha namba mbili tu, kila moja ikiwa na tarakimu mia tatu na kitu, na hizo mbili ndizo siri yenyewe. Atakayezijua anaweza kujifanya benki, na simu yako ikamwamini.

Yaani siri ya benki imelazwa mezani mbele ya watu wote, na kinachoilinda ni ugumu wa kazi peke yake. Hakuna ajuaye jinsi ya kuipasua namba hiyo irudi kuwa zile mbili zilizoizaa.

Sasa, mitaani kuna imani kwamba mwenye kompyuta kubwa anafungua chochote, ni suala la muda na umeme. Jioni ya leo naibishia imani hiyo. Historia ya kupasua namba inasema vingine: mashine kubwa zimefanya kazi ya kusifika, lakini funguo nyingi, ndilo jina la namba kama hizi, zilizofunguka ovyo zilifunguliwa na hesabu ya darasa la tano. Nitawaonyesha, na aliye na kalamu aishike.

Tukumbushane kwanza. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea bila mwisho. Namba nyingine zote zinazozidi moja hupatikana kwa kuzidisha namba tasa, na kila moja ina njia yake moja tu ya kupatikana. Hizo zinazozidishwa tunaziita vigawo. 15 vigawo vyake ni 3 na 5, hapo hakuna ubishi.

Haya, chukua namba yako ya simu na uondoe sifuri ya mwanzo. Zimebaki tarakimu 9. Unataka vigawo vyake. Utaijaribu kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, ukipanda. Huna haja ya kuvuka 31,622, kwa sababu 31,623 ikizidishwa kwa yenyewe imeshavuka bilioni moja. Na chini ya hapo namba tasa zipo 3,401. Mtu mvumilivu mwenye kikokotoo atamaliza, ingawa mke wake atamuuliza maswali. Simu ya Android ya kawaida kabisa, ukiiwekea programu ya bure iitwayo Termux, ukaandika neno factor, ukaacha nafasi, kisha ukaandika namba yako, inakujibu kabla hujanyanyua kidole. Jaribuni. Wengine mtakuta namba zenu ni tasa, na hiyo ni sifa nzuri ya kujidai nayo kijiweni.

Ongeza urefu uone. Namba ya tarakimu 20 iliyotokana na namba tasa mbili za tarakimu 10 kila moja: ukitaka kujaribu moja moja, chini ya bilioni 10 kuna namba tasa zaidi ya milioni 455. Kompyuta bado inaweza. Fika tarakimu 40, na kujaribu moja moja kumekufa. Hata ungepewa kompyuta zote za mkoa wa Shinyanga, ungezeeka unasubiri.

Kwa hiyo watu wakatafuta akili badala ya nguvu. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa aliyefanya hesabu kwa kujifurahisha, aliandika kuhusu njia moja mnamo 1643. Andika 3,053. Usigawanye. Tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaivuka kidogo. 55 mara 55 ni 3,025, haijafika. 56 mara 56 ni 3,136. Toa 3,053, inabaki 83. Je, 83 ni mraba wa namba yoyote? Hapana. Songa mbele. 57 mara 57 ni 3,249. Toa 3,053, inabaki 196. Na 196 ni 14 mara 14. Umemaliza. 57 toa 14 ni 43. 57 jumlisha 14 ni 71. Zidisha 43 kwa 71 uone kama hukuti 3,053.

Ikumbuke njia hiyo, maana tutakutana nayo tena mahali pabaya. Nguvu yake ni pale vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiwa mbalimbali, unatembea hadi miguu inavimba.

Na watu walitembea kweli. Oktoba 1903, mjini New York, profesa Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wenzake wa chama cha wanahisabati wa Marekani. Ubaoni akapiga hesabu ya 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 67, akatoa moja, ikatoka namba ya tarakimu 21. Akahamia upande wa pili wa ubao, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno, akarudi kukaa, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alipoulizwa baadaye ilimchukua muda gani, alisema Jumapili za miaka mitatu. Ile simu yako yenye Termux inaimaliza namba hiyo kwa kufumba na kufumbua.

Tuingie kwenye mambo ya fedha. Mwaka 1977, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa chuo cha MIT, walitengeneza njia ya kuandika siri kwa kutumia namba iliyo wazi, ndiyo tuijuayo kwa herufi za mwanzo za majina yao, RSA. Mwingereza Clifford Cocks alikuwa ameigundua karibu vilevile mwaka 1973, ila aliajiriwa na idara ya ujasusi, na serikali yake ikakaa kimya hadi 1997. Hao watatu walichapisha fumbo katika gazeti la sayansi: namba ya tarakimu 129, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeipasua. Makadirio yaliyotolewa wakati huo yalikuwa kwamba kupasua namba ya ukubwa unaokaribia huo kungechukua miaka milioni moja mara bilioni 40. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kukosea kwa wingi wa miaka kiasi hicho, maana namba ilipasuka Aprili 1994, miaka 17 baadaye.

Iliwezekanaje? Hapa ndipo utamu ulipo, na ni lazima tushike kalamu tena. Andika 1,207. Tumia njia ya Fermat. 35 mara 35 ni 1,225. Toa 1,207, inabaki 18. 36 mara 36 ni 1,296, inabaki 89. 37 mara 37 ni 1,369, inabaki 162. Hakuna mraba hata mmoja, na Fermat angetembea mpaka 44 ndipo apate. Lakini simama, utazame ulichonacho mkononi. 18 ni 2 mara 3 mara 3. 162 ni 2 mara 3 mara 3 mara 3 mara 3. Kila moja ina zile 3 zilizopata wenza, na ina 2 moja iliyokosa mwenza. Basi zioanishe. 18 mara 162 ni 2,916, na 2,916 ni 54 mara 54. Mraba umepatikana! Upande wa pili, zidisha 35 kwa 37 upate 1,295. Toa 1,207, inabaki 88. Sasa 88 toa 54 ni 34, na 88 jumlisha 54 ni 142. Ndani ya 34 kuna 17. Ndani ya 142 kuna 71. Na 17 mara 71 ni 1,207.

Na ile 89 iliyobaki katikati? Itupe. Yenyewe ni tasa, ni kubwa kwa kazi hii, haitapata mwenza.

Wachenjuaji mmeshanielewa. Unasaga mawe kwenye karasha, unaosha mwaloni, sehemu kubwa ya ulichobeba ni mchanga, na unachokishika ni kidogo. Njia aliyoibuni Carl Pomerance mwaka 1981 ndiyo hiyo: kompyuta inapita kwenye mamilioni ya masalio, inayatupa karibu yote, inabakiza yale tu yanayovunjika hadi vigawo vidogo vidogo kama 18 na 162. Kazi ya kuosha inagawanyika, kila mtu na mwalo wake. Mwisho wake haugawanyiki. Wenye plenti wanavyobeba kaboni zao kutoka pande zote na kuzipeleka kwenye elusheni moja, ndivyo masalio yote yanavyokusanywa kwenye mashine moja yenye kumbukumbu kubwa, ipange lipi lioane na lipi hadi kila kigawo kiwe na mwenza.

Mwaka 1993 Derek Atkins, Michael Graff, Paul Leyland na Arjen Lenstra waliwaomba watu kwenye intaneti wawasaidie kuosha kwa ajili ya ile namba ya tarakimu 129. Walijitokeza watu wapatao 600 kutoka nchi zaidi ya 20, na mashine zipatazo 1,600. Kati ya mashine hizo mbili zilikuwa za faksi. Nazo zilipiga hesabu zilipokuwa hazina barua ya kupokea. Kwa miezi 8 walituma masalio yao kwa barua pepe mpaka yakavuka milioni 8. Kisha mashine moja kubwa ikafanya kazi ya mwisho kwa saa 45. Namba ikapasuka vipande viwili, kimoja cha tarakimu 64 na kingine cha 65. Zile dola 100 waliuchangia mfuko wa Free Software Foundation, watu wanaotetea programu huria. Na ujumbe uliofichwa tangu 1977 ulipofunguliwa ulikuwa mzaha mtupu uliomtaja ndege mla mifupa.

Tangu hapo rekodi zimepanda. Agosti 1999 tarakimu 155. Desemba 2009 tarakimu 232. Februari 2020 tarakimu 250, na hadi hapo ndipo watu walipofika hadharani kwa namba za aina hii. Hiyo ya 2020 ilifanywa na kikundi cha watafiti sita wa Ufaransa na Marekani, wakitumia programu iitwayo CADO-NFS, iliyotengenezwa hasa mjini Nancy. Wamekadiria kuwa kama kazi yote ingefanywa na kiini kimoja cha prosesa, kingekaa miaka 2,700 hivi. Usije ukasema, basi kutoka 250 hadi 617 imebaki safari moja na nusu. Ugumu haupandi kwa hatua sawa. Zile tarakimu zinazofuata ni ghali kuliko zote zilizotangulia zikijumlishwa, na zinazofuata hizo ni ghali zaidi.

Kuna jambo ambalo wengi hulishangaa, nami nawaunga mkono kulishangaa. Kompyuta inaweza kukuhakikishia kwamba namba fulani si tasa, huku haijui kigawo chake hata kimoja. Kuitambua namba tasa na kuipasua isiyo tasa ni kazi mbili tofauti. Mwaka 2002 Manindra Agrawal wa taasisi ya teknolojia ya Kanpur, India, na wanafunzi wake wawili, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, walithibitisha kwamba ipo njia ya uhakika ya kuitambua namba tasa isiyolipuka kwa muda hata namba ikirefuka. Kuzitambua namba tasa hakuna shida, kwa hiyo seva ya benki hupata mbili kubwa kwa sekunde chache, ikazizidisha mara moja. Anayetaka kurudi nyuma ndiye anayekwama. Na hapa kuna la kumnyima mtu usingizi kidogo: hakuna aliyethibitisha kwamba ni lazima akwame. Tunajua tu kwamba wenye akili nyingi wamejaribu kwa muda mrefu na bado wamekwama. Fedha za dunia zimeegemea hapo.

Vijana, najua mnachosubiri. Programu zenyewe. Ukishachoka na ile factor ya kwenye simu, ipo PARI/GP, kazi ya chuo cha Bordeaux, ambayo ndiyo ningemshauri mwalimu yeyote wa hisabati aanze nayo. Upo ukurasa wa Dario Alpern, Mwargentina, unaofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Wenye laptopu tafuteni YAFU au msieve. Ipo GMP-ECM ya Paul Zimmermann, nayo tabia yake ni tofauti: haijali namba yako ina urefu gani, inajali kigawo kidogo kimejificha kwa kina gani. Namba ya tarakimu 200 yenye kigawo cha tarakimu 20 itaachia mapema. Yenye vigawo viwili vinavyolingana haitatikisika. Na CADO-NFS ni ya bure vilevile. Programu iliyoweka rekodi ya dunia unaweza kuipakua ukiwa Ushirombo, ukiwa na bando la kutosha.

Anzeni na tarakimu 60; YAFU itaimaliza hiyo kabla hujakaa vizuri. Nendeni 80. Nendeni 90. Hapo mtaanza kusikia feni ya laptopu. Kwa njia ile ya kuosha, takribani kila tarakimu 3 mnazoongeza, muda unakaribia kuwa maradufu, na huo ni ukweli wa kuuona kwa macho. Mkifika 100 mnagusa ukubwa ambao mwaka 1988 ulikuwa habari ya dunia. Umeme ukikatika, msiwe na wasiwasi: programu hizi huandika masalio kwenye faili, ukirudi unaendelea ulipoishia. Aliyezibuni hakuwa anaifikiria Kahama, lakini tunamshukuru.

Na jaribuni kwa namba zenu wenyewe. Zidisheni tasa mbili, mpeni mwenzenu azitafute. Kuingia kwenye mfumo wa mtu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kusema nilikuwa najifunza hesabu hakutakusaidia.

Sasa turudi kwenye ile hesabu ya darasa la tano. KKS, kigawo kikubwa cha shirika. Wengi tuliisoma, tukaifanyia mtihani, tukaisahau. Hebu chukua 1,207 yetu na nyingine, 1,633. Jifanye huvijui vigawo vya yeyote kati yao. Toa tu. 1,633 toa 1,207 ni 426. 1,207 toa 426 mara mbili ni 355. 426 toa 355 ni 71. Na 71 inaingia ndani ya 355 mara 5 bila kubaki kitu. Basi 71 ni kigawo cha zote mbili. Hukuosha mchanga wala hukuwasha laptopu, umetoa tu. Njia hii ni ya Euclid, na ina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Inafanya kazi hivyo hivyo kwa namba za tarakimu 617. Kompyuta inaimaliza papo hapo.

Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake watatu walikusanya mamilioni ya funguo za wazi kutoka intaneti yote, wakazifanyia KKS, kila moja dhidi ya nyingine zote. Hawakujaribu kupasua hata moja kwa nguvu. Katika kila kompyuta 200 zinazotoa tovuti salama, moja iliachia siri yake. Kikundi kingine alichokuwamo Arjen Lenstra, yule yule wa 1994, nacho kilifika huko huko kwa njia yake.

Kwa nini namba za watu wasiojuana ziwe na kigawo cha pamoja? Kwa sababu ya vifaa. Ruta mpya inatolewa kwenye boksi, inawashwa kwa mara ya kwanza, na papo hapo inatakiwa ijichagulie namba tasa mbili kwa kubahatisha. Itabahatisha kwa nini? Haina kibodi, haina mtu anayesogeza kipanya, hata saa yake haijui ni mwaka gani. Nyingine ya kiwanda hicho hicho, iliyowashwa nchi nyingine, iko katika giza lile lile. Zinachagua namba tasa ya kwanza iliyo sawa, kisha zinaachana kwenye ya pili. Kila moja ikiwa peke yake, namba yake ni ngumu kama jiwe la mita 300 chini ya ardhi. Zikiwekwa pamoja, mtoto wa darasa la tano anazifungua.

Halafu Fermat. Nilisema tutakutana naye mahali pabaya. Machi 2022 mtafiti wa Ujerumani, Hanno Böck, alitangaza kwamba baadhi ya printa za Canon na za Fuji Xerox zilikuwa zikijitengenezea funguo ambazo namba zake mbili tasa zimekaribiana mno. Programu iliyokuwa ndani yake ilichagua ya kwanza, kisha ikachukua nyingine jirani tu. Njia ya mwaka 1643, ile tuliyoifanya kwa 3,053, ikazipasua papo hapo. Namba ndefu, tarakimu zote zimetimia, cheti kizuri, na ndani hakuna kitu.

Estonia, nchi iliyotutangulia mbali kwa vitambulisho vya kielektroniki, mwaka 2017 ilibidi isimamishe vyeti vya kadi zipatazo 750,000 kwa sababu chipu yake ilichagua namba tasa kwa njia ya mkato. Mtengenezaji alitaka kuokoa muda. Nasi tunaopokea vifaa vilivyotengenezwa kwingine, kadi, ruta, mashine za malipo, mara nyingi tunauliza bei na dhamana, basi. Mimi naona halmashauri au Sacco yoyote inayonunua mfumo ina haki ya kuuliza: namba tasa za mfumo huu zinachaguliwaje, nani amekagua? Muuzaji akikodoa macho, umeshapata jibu.

Wapo watakaoniuliza kuhusu M-Pesa, iliyofika kwetu mwaka 2008 na sasa ina wakala kila kona ya Katoro. Niseme ukweli: ukipiga *150*00#, hapo hakuna namba ya tarakimu 617. Menyu ile inapita kwenye mtandao wa simu, na kinachokutambulisha ni ufunguo wa siri uliomo ndani ya laini yako, ambao kampuni nayo ina nakala yake. Mfumo ni mwingine. Hata tovuti nyingi siku hizi zimeanza kuiacha RSA na kutumia hesabu nyingine za mikunjo, kwa sababu namba zake ni fupi zaidi kwa ulinzi ule ule. Na mwizi wa huku kwetu hana shida na lolote kati ya hayo. Yeye anakutumia ujumbe: ile hela itume kwenye namba hii. Au anakupigia kwa sauti ya huduma kwa wateja akitaka namba yako ya siri, tarakimu 4 tu. Nani apoteze miaka 2,700 kwenye tarakimu 250, wakati yupo mtu atakayemtajia 4 kwa simu ya dakika moja?

Kuhusu kompyuta za kwanta nitapita haraka, maana maneno ni mengi kuliko matendo. Peter Shor alionyesha mwaka 1994, mwaka ule ule wa mashine za faksi, kwamba kompyuta ya aina hiyo ikiwa kubwa ya kutosha ingepasua namba hizi kwa urahisi. Mwaka 2001 wataalamu wa IBM walitumia moja kupasua 15. Mwaka 2012 wengine wakapasua 21. Msicheke, mbegu huanza hivyo. Na Marekani Agosti 2024 ilitoa viwango vya kwanza vya funguo zilizoundwa kustahimili kompyuta za kwanta. Atakayebadilisha mapema atakuwa amefanya vizuri. Lakini kwa mwaka huu, ningekuwa na Sacco Masumbwe, ningeihofia ruta iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa kuliko kompyuta ya kwanta.

Muda unanibana, fundi mitambo ananitazama. Wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba, hii ni yenu, na kaka na dada wa sekondari wasiwasaidie. Andikeni namba mbili: 11,537 na 12,533. Zina kigawo kimoja cha pamoja, nacho ni namba tasa. Kigawo hicho msikitafute kwa kugawanya, na simu muirudishe kwa mama. Toeni ndogo kutoka kwenye kubwa, mwendelee kutoa hadi pasibaki kitu, kisha mtafute na vile vigawo viwili vilivyobaki, kimoja cha kila namba. Tumeni majibu pamoja na jina la shule yenu na darasa lenu. Wiki ijayo nitawasomea waliopata, na atakayenitumia njia fupi kuliko ya kwangu nitaisoma ya kwake kwanza.